Shanga Shingoni mwa Chupa

Kuna sauti moja ambayo ikinipata nikiwa nakata sukuma, kisu kinasimama chenyewe. Ni sauti ya chupa ya glasi iliyojaa nusu, ikitikiswa na mkono mdogo. Mtu mzima hutikisa kwa pupa, kilicho ndani kikagonga kizibo. Mkono mdogo hutikisa taratibu, chubwi, chubwi, chubwi, halafu kimya. Hapo kwenye kimya ndipo mwenye mkono ameinua chupa kwenye mwanga na anaangalia.

Niliisikia Desemba iliyopita nyumbani kwa mama yangu, upande wa Ekero, nikiwa jikoni, na binti yangu Tasha akiwa nje na bibi yake. Nitawaambia nilichofanya nilipotoka. Lakini kwanza nawarudisha nyuma, maana bila hivyo mtanihukumu vile ndugu zangu walinihukumu kwenye grupu ya familia: ati nilimtolea mzazi povu siku ya Krismasi mbele ya wageni, ati nimemaliza fomu foo nikaona nimefika, sasa siheshimu mtu.

Povu. Neno ni lao, waliliandika wenyewe. Haya, tuanze na povu.

Sisi tulilelewa katikati ya mapovu. Kiwanda cha sukari kilipokuwa bado kinasaga, mto wetu uliteremka ukiwa na povu la rangi ya chai ya maziwa, limejazana kwenye mawe kama mtu ameloweka nguo za dunia nzima huko juu. Lilinuka kama yai viza lililopikiwa ndani ya sukari. Wazazi walitukataza kuligusa, nasi tulilichota kwa mikono miwili tukajipaka ndevu, tukawa wazee wa kanisa. Jioni ngozi iliwasha. Kulikuwa na povu la pombe ya busaa kwenye masharubu ya wajomba wakitoka matangani. Kulikuwa na uji wa mtama, ambao ukikaribia kuiva ulipumua kwa mapovu mazito, puu, puu, na ukikaribia sana ulikurukia mkononi ukakuachia lengelenge ambalo mama alikukataza kulipasua.

Na kulikuwa na viputo vyangu mimi na Jentrix. Jentrix alikuwa jirani na rafiki yangu, mtoto wa Wesonga, ambaye alikata miwa pamoja na baba. Tulivunja jani la mpapai, tukalikata bua lake lenye tundu katikati, tukalichovya kwenye maji ya sabuni ya mche na kupuliza. Utomvu wa mpapai ulikuwa mchungu, ukikuingia mdomoni ulitema mate hadi kesho. Lakini kiputo kilipotoka kikiwa kizima, kikatetemeka kwenye ncha ya bua kama kinaogopa kuachiliwa, kisha kikaachia, tulisahau uchungu. Tulibishana cha nani kimeona mbali zaidi kabla ya kufa. Cha Jentrix kila mara kilikuwa kimefika Mumias kimerudi.

Baba alipotoka shambani, mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa hadi ukaona meno na macho tu, alitukuta tukipuliza. Alichovya panga lake kwenye karai letu, akalilaza bapa mbele yetu na kusema, "Leteni abiria." Tulipuliza. Kiputo kilishuka, kikatua juu ya chuma chenye makali ya kukata muwa kwa pigo moja, na hakikupasuka. Kilikaa pale kama kikombe kilichofunikwa. Baba aliinua nyusi na kusema, "Kimekubali." Nilidhani ni uchawi wake. Nilikuwa nimekua sana nilipogundua ni kwa sababu panga lilikuwa limelowa.

Sasa mama. Mama alipika chang'aa. Nalisema wazi kwa sababu kwetu lilisemwa wazi. Molasi ilitoka kiwandani, nyeusi na nzito kama lami, ikachanganywa na maji na hamira kwenye pipa lililofukiwa nusu nyuma ya jiko. Ilichacha humo kwa siku kadhaa, tukiiita kangara. Nilikuwa nikiweka sikio kwenye pipa na kusikiliza. Ilikuwa inachemka bila moto. Ilisema mambo madogo madogo, mfululizo, kama watu wanaosengenya nyuma ya mlango. Ikishanyamaza, mama aliipika, mvuke ukapita kwenye mfereji wa shaba ndani ya maji baridi, na tone kwa tone ikaingia kwenye chupa.

Hapo ndipo mimi nilipoitwa.

Kwetu hakuna aliyeamini chang'aa kwa mdomo wa muuzaji. Muuzaji anataka kuuza. Na mnywaji akishakalia benchi anataka kunywa, hata ungempa maji ya betri angekwambia ni nzuri. Kwa hiyo chupa ilitikiswa na mtoto wa nyumba, ambaye hajawahi kuonja. Unatikisa, unainua kwenye mwanga, unaangalia. Mapovu yakitoka makubwa, yakakutazama kidogo na kupasuka, hayo ni macho ya chura. Imetiwa maji, hakuna kitu hapo. Lakini yakitoka madogo, sawasawa, yakajipanga kuzunguka shingo ya chupa na kukaa, hizo ni shanga. Ukisema "shanga", benchi zima linapumua. Ukisema "chura", mama anairudisha jikoni bila kubishana.

Mimi nilikuwa na mkono. Ndivyo walivyosema, ana mkono. Ndugu zangu walitikisa wakatoa povu tupu. Mimi nilitikisa zikaja shanga kama zimetungwa kwa uzi. Watu waliotoka ng'ambo ya mto walipita nyumba nyingine mbili zinazouza, wakaja kwetu, wakisema kwa Mama Konso, Konso nikiwa mimi, mtoto hadanganyi. Baba aliniita Daktari. Mnielewe: nilikuwa na miaka tisa, shuleni nilikuwa wa katikati, kanisani sikuimba vizuri, lakini hapo kwenye benchi wanaume wenye ndevu walinyamaza wakingoja mimi nitamke. Nilijisikia mtu. Siwezi kuwadanganya.

Kisha kiwanda kikanyamaza. Walisema ni kwa muda. Mto ulisafika, tukapoteza ndevu zetu. Miwa ilikomaa ikapita, ikakauka ikiwa imesimama, na hakuna lori lililokuja kuibeba. Wakataji waliamka asubuhi wakanoa mapanga kwa mazoea, wakaketi. Wale watu wazima waliokuwa wametuahidi baiskeli, mabati, shule za bweni, kila kitu kilichokuwa kimevimba ndani ya vichwa vyao kwa sababu ya miwa, kilipasuka bila hata mlio. Wanaume walianza kufika kwenye benchi letu kabla ya chakula cha mchana. Na molasi, ambayo ilikuwa takataka ya kiwanda, ikawa haipatikani. Mama alikuwa na wanywaji wengi kuliko zamani na pipa tupu.

Ndipo akaja mtu wa pikipiki. Alivaa koti la mvua na hakukuwa na mvua. Alifungua mtungi wa plastiki wa buluu, na harufu iliyotoka haikuwa ya chang'aa. Haikuwa na uchachu, haikuwa na moshi. Ilikuwa safi. Ilikuwa ile harufu ya pamba ambayo nesi anakupaka begani kabla ya kukudunga sindano. Nilirudi nyuma, nikashika bega. Mtu huyo alicheka. Alimwambia mama kwamba hii haipikwi, imetoka kiwandani ikiwa tayari, kazi yake ni kuongeza maji tu. "Ongeza, tikisa," alisema. "Ukiona zile shanga zenu, uza."

Alijua habari ya shanga. Alikuwa amepita nyumba nyingine kabla yetu, au alizaliwa huku huku. Hilo huwa linanichoma.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mimi na Jentrix tulikuwa chini ya kamba ya nguo na karai letu, mabua ya mpapai mdomoni. Baba na Wesonga walikuwa peke yao kwenye benchi, wengine walikuwa wamekwenda kwenye mazishi upande wa pili. Mama alichanganya jikoni, akaniita. Niliweka bua chini, nikafuta mikono kwenye sketi ili sabuni isiingie, kwa sababu nilikuwa mtoto mwangalifu. Nilitikisa. Nikainua.

Sijawahi kuona shanga kama zile. Zilikuwa ndogo, zimelingana, zinang'aa, na zilikaa. Zilizunguka shingo ya chupa kama mkufu wa bibi harusi, na zilikataa kuondoka. Nikasema, "Shanga."

Wesonga aliuliza kama nina hakika, kwa sababu haina rangi kabisa na harufu yake ni ya hospitali. Nikatikisa tena ili aone mwenyewe. Baba alinyoosha glasi.

"Daktari amesema," alimwambia Wesonga. "Wewe ni nani?"

Wakanywa wawili, kabla ya wengine kurudi. Hakuna lililotokea. Walicheka, walizungumza habari za lori la miwa, jioni wakaenda kulala kama kawaida, na mama akafurahi kwamba kazi ya moto na moshi imeisha.

Asubuhi niliingia kumwamsha baba kwa ajili ya kanisa. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, anajipangusa uso kwa kiganja. Anapangusa kuanzia paji kwenda chini, anakung'uta mkono, anapangusa tena. Aliniuliza nani amecheza na sabuni chumbani. Nikamwambia hakuna sabuni.

"Kuna povu," alisema. "Jeupe. Liko kila mahali. Niletee maji, Konso, nitoe hili povu."

Nilimletea maji kwenye karai lile lile. Alinawa. Alinawa hadi maji yakaisha, akaomba mengine, na macho yake yalikuwa wazi, masafi, yananitazama mahali ambapo sikuwepo. Nikiwa nimeshika karai, ndipo tukasikia mayowe kutoka kwa kina Jentrix. Wesonga alikufa kabla ya chai ya saa nne. Alikufa akitoka povu mdomoni, na Jentrix ndiye aliyekuwa akilifuta kwa kitambaa cha meza, kwa sababu mama yake alikuwa amekimbia barabarani kutafuta gari. Baba tulimfikisha hospitali. Walimrudisha akiwa hai. Macho hayakurudi.

Mama alimwaga mtungi wa buluu chooni. Mtu wa pikipiki hakuonekana tena. Hakuna aliyemtafuta kwa bidii, na wala sitasema zaidi hapo, kwa sababu hasira yangu haiko kwake. Yeye hata jina langu hakulijua.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, waliofiwa hunyolewa nywele. Siku hiyo watu huketi kwenye boma na kuulizana waziwazi aliyelala alilala kwa sababu gani. Liguru, yaani mzee wa kijiji, huongoza, na atakayetajwa hujibu hapo hapo. Tulikwenda. Jentrix alikuwa ameshanyolewa, kichwa chake kidogo, sikumtambua. Baba alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mbele, anapangusa uso. Liguru akamuuliza mama aliwapa nini watu hawa.

Mama alisimama. Nilikuwa nimeketi chini karibu na miguu yake, ninahesabu ni nani aliyevaa viatu. Nikasikia mkono wake ukishuka kichwani mwangu. Nilidhani ananibembeleza.

"Mimi nilichanganya vile nilivyoambiwa," mama alisema. "Mimi sionjangi. Anayesemanga kama iko sawa ni huyu. Muulizeni yeye."

Boma zima liligeuka. Liguru aliniuliza kwa sauti ya upole kabisa, ile ya kumuuliza mtoto kama ameshiba.

"Uliona shanga, mwanangu?"

"Niliona."

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia ni shanga."

Mwanamke mmoja alifyonya. Mwingine alisema masikini, mtoto hana akili. Liguru akatikisa kichwa, akasema basi, haya ni mambo ya bahati mbaya, mtoto ni mtoto, tumwachie Mungu. Ndivyo kikao kilivyoisha. Chai ililetwa, na mikate. Mama alihudumu, alimpa mjane wa Wesonga kikombe cha kwanza, na mjane akakipokea.

Mimi hakuna aliyenichapa. Ningechapwa ingekuwa afadhali, kiboko kina mwisho. Lakini kuanzia Jumatatu shuleni niliitwa Shanga. Jentrix alihamia dawati la nyuma. Watoto wakinywa soda walitikisa chupa na kunipungia. Mama Jentrix, ambaye alikuwa ananiogesha pamoja na mtoto wake, hakuitikia salamu yangu, si siku hiyo, si mwaka huo, si miaka iliyofuata. Na mama yangu? Molasi ilipopatikana tena alirudia kupika. Chupa alimpa kaka yangu atikise, maana mimi mkono wangu sasa ulikuwa na mkosi.

Baba aliniambia kitu kimoja. Nilikuwa jikoni, namkatia vipande vya obusuma, ugali wetu, na kumwekea mkononi, na mama alikuwa sokoni. Alisema, "Konso, mimi nilikunywa kwa mdomo wangu. Wewe hukuninywesha." Nilikuwa nimengoja maneno hayo kwa muda mrefu, na nikalia. Leo nikikumbuka nakasirika. Mbona alinong'ona? Mbona aliniambia mimi, ambaye nilikuwa najua nilichofanya na ambacho sikufanya, akiwa na mchuzi kwenye kidevu, watu wote wakiwa mbali? Boma lilikuwa pale. Alikuwa kwenye kiti cha mbele. Mdomo wake haukupofuka.

Lakini alikuwa baba yangu na nilimwongoza kwa fimbo kila mahali. Siku moja aliomba panga lake. Lilikuwa limeota kutu, limekaa darini tangu miwa ikome. Alililaza bapa mbele yake na kuniambia nilete abiria. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikaona haya, lakini nilivunja bua la mpapai, nikakoroga sabuni, nikapuliza. Kiputo kilishuka vizuri, kikagusa kutu, kikapasuka.

"Kimekubali?" baba aliuliza.

"Kimekubali," nilimwambia.

Katika maisha yangu yote, hiyo ndiyo mara pekee nimedanganya kuhusu povu.

Alifariki nikiwa fomu tuu. Mwaka uliofuata, kwenye maabara, mwalimu wa kemia aliweka chupa mbili mezani. Moja, alisema, ni pombe inayonyweka. Nyingine ni ya kuwashia taa ya maabara, na ukiinywa inakula mshipa wa jicho kisha inakuua. Akasema zote mbili hazina rangi, kwa macho huwezi kuzitofautisha, akageukia ubao. Wenzangu walinakili. Mimi nilisimama, nikachukua ile ya kwanza, nikatikisa jinsi ninavyojua, nikainua dirishani. Shanga. Nikachukua ya pili. Shanga. Ndogo, zimelingana, zimekaa, shingoni mwa chupa mbili kama pacha wawili waliovalishwa sare.

Sikulia. Nilirudisha chupa mezani na kuketi. Kwa hiyo nilikuwa nimesoma sawasawa. Shanga zinasema ni kali. Hazijawahi kusema kitu kingine. Niliulizwa kama ni kali, nikajibu ni kali, na ilikuwa kali. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeuliza kama ni sumu, wala mama aliyeichanganya, wala Wesonga aliyenusa hospitali ndani yake, wala baba aliyenyoosha glasi.

Nilidhani kujua hivyo kungenitosha. Nikamaliza shule, nikaolewa mjini Kakamega, nikamzaa Tasha, nikawa natuma sukari na sabuni nyumbani, nasalimiana na mama kwa simu kama watu wengine. Hadi Desemba.

Nilitoka jikoni na kisu mkononi. Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Kwenye benchi, si lile la zamani lakini mahali pale pale, walikuwa wanaume watatu. Tasha, mtoto wa miaka sita, alikuwa amesimama mbele yao, ameinua chupa kwenye jua kwa mikono miwili, ulimi umetoka kidogo kwa kuzingatia.

"Ana mkono wa mama yake," mama aliwaambia wageni, na alikuwa na furaha ya kweli. "Sema, mjukuu wangu. Unaona nini?"

"Kukhu, hizi ni shanga?" Tasha alimuuliza bibi yake.

Nilimpokonya ile chupa. Nilimpa mama, nikamwambia atikise mwenyewe. Alisema macho yake yamezeeka. Nikamwambia basi asiuze. Mmoja wa wanaume akaniambia, dada, punguza povu, tumekuja kunywa, hatukuja kuhubiriwa, na wenzake wakacheka. Mama aliniambia kwa sauti ya chini nisimwaibishe mbele ya watu.

"Mbele ya watu ndipo uliponiwekea mkono kichwani," nilimwambia.

Alinielewa. Niliona amenielewa, uso wake ulikaa kama mtu aliyeguswa kidonda alichodhani kimefunga. Kisha akasema: "Hiyo chupa ndiyo ilikusomesha. Ungekula nini, Konso? Ungevaa nini?" Ni kweli. Daftari nililoandikia kemia lilitoka kwenye chupa. Lakini nikamwaga iliyokuwa mkononi mwake juu ya majivu, yote, nikamshika Tasha mkono na tukatoka bila kufunga begi vizuri. Hayo ndiyo waliyoandika kwenye grupu kwamba ni povu. Haya, ni povu.

Njia ya kwenda barabarani inapita kwa kina Jentrix. Mama yake alikuwa anapukuchua mahindi kwenye gunia, amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe tupu. Mayowe yetu alikuwa ameyasikia, ua ni mmoja. Nilipita bila kusalimu, maana nilishazoea kutojibiwa. Ndipo aliposema, bila kuinua kichwa:

"Huyo wako naye ameanza kutikisa?"

"Huyu hatikisi," nilijibu.

Alipukuchua gunzi lote hadi likaisha, akalitupa kando. Akasema, "Hata wewe nilijua si wewe."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ile ile. Nikamuuliza mbona hakusema. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini mvua hunyesha chini.

"Mama yako ndiye alikuwa ananishikia watoto nikienda kulima. Kisima chetu ni kimoja. Ningekosana naye, nani angenizika? Wewe ulikuwa mtoto. Tulisema utasahau."

Tulisema. Si nilisema. Walikuwa wamelizungumza, labda wakiwa kisimani, labda kwenye chai ile ile na mikate ile ile, kwa huruma kabisa, bila kuinua sauti.

Miaka yote niliamini chupa ilipewa mtoto kwa sababu mtoto hadanganyi. Walituambia hivyo, nasi tulijivuna. Nikiwa nimesimama pale na begi linalofunguka ndipo nikaelewa. Mtoto hana kisima. Hana shamba linalopakana na lako, hana zamu ya kukupikia matanga, huhitaji kumwomba chumvi kesho. Jambo likiharibika, watu wazima wanaweza kuliweka kichwani mwake, taratibu, kama mkono, kisha wakaendelea kusalimiana. Kijiji kizima kilibaki kizima. Hakuna ua uliovunjwa. Ni mimi tu niliyepasuka, na mimi nilikuwa mdogo, sikutoa mlio.

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, na yote yalikuwa matusi. Nikamvuta Tasha twende. Lakini Tasha hakuvutika. Alikuwa amesimama katikati ya njia, ananiangalia mimi na kisu ambacho sikujua kwamba bado nimekishika.

"Mama," aliniuliza, "kwani nilikosea? Si zilikuwa shanga?"

Niliweka begi chini. Niliweka kisu chini. Nikapiga magoti kwenye vumbi ili macho yetu yalingane, na nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyangojea tangu nikiwa chini ya miguu ya mama yangu kwenye boma lile.

"Hukukosea. Zilikuwa shanga."

Kisha nikarudia kwa sauti kubwa, Mama Jentrix asikie, na mama yangu ng'ambo ya ua.